Mawimbi Ambayo Damaris Hakuyataja

Damaris Kambi haogelei. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakimsikia redioni hudhani ni mtu aliyezaliwa juu ya mtumbwi. Kwao ni Vitengeni, ambako hata maji ya kunywa hufuatwa kwa punda, na kwa miaka kumi na miwili tuliyokaa naye ua mmoja hapa Muyeye nimemwona akiingia baharini kwa starehe mara moja tu. Alifika magotini akatoka mbio, akilalamika kwamba mchanga unamkimbia chini ya nyayo. Nilimcheka siku nzima.

Lakini ndiye aliyekuwa akiwaambia wanaume wa Malindi kama bahari inaingilika. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, sauti yake ilitoka kwenye redio yetu ya jamii, na mimi nikiwa mlangoni na karai langu la mahamri nilimsikia huku mafuta yakipata moto. Naitwa Idah. Napika mahamri na mbaazi za nazi, na elimu ya hali ya hewa sina, ila nina masikio mazuri na mdomo usiotulia. Ndiyo maana siku niliyonyamaza inanisumbua mpaka leo.

Kazi yenyewe aliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuamka saa ile. Wataalamu wa hali ya hewa hutuma taarifa ya bahari kwa Kiingereza, na taarifa hiyo haihusu Malindi peke yake. Inaanzia huko Somalia inateremka hadi Msumbiji, na ramani zake zina rangi nyingi kuliko kanga za dukani. Damaris alikuwa akitafuta humo mstari unaohusu pwani yetu, anauandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, kisha anausoma. Mambo yalikuwa manne, na kwa mpangilio uleule: upepo, mawimbi, mvua, saa za maji kujaa na kupwa. Mwanzoni alisoma bila kuelewa. Kisha akaanza kwenda bandarini na daftari kuuliza wavuvi upepo huu mnauitaje, wimbi la namna hii laweza kufanya nini, mpaka wakamzoea wakamwita Damaris wa Bahari. Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali. Nilimsikia akilitaja mwenyewe, eti kwa mzaha.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa mkali. Siku bahari ikichafuka alisema imechafuka, na aliongeza chumvi. Asubuhi moja alitangaza kwamba bahari ni ya hatari na atakayetoka ajue anakwenda kuchimba kaburi lake. Siku hiyohiyo mashua ilipinduka, mzee mmoja wa mjini akafa. Mzee huyo hakuisikia redio kabisa. Alitoka usiku, kabla taarifa haijasomwa. Lakini mjini ilishasemwa kwamba yule binti wa bara amelitaja kaburi, na kaburi limeitika.

Siku ya tatu alikuja Bi Mwanatumu. Huyu ni mama wa mjini, asili yake visiwa vya kaskazini, mfanyabiashara wa samaki na mteja wangu. Mtu wa heshima zake, hajapata kumpandishia mtu sauti. Hakuja mikono mitupu. Alibeba mkate wa sinia uliofunikwa kitambaa, akaamkiwa shikamoo akaitikia marahaba, akauliza habari za Vitengeni na za mama mzazi, akanywa chai yake yote. Nami nilikuwepo, maana mkate wa sinia haupiti uani kwangu nikaukosa. Ndipo akasema alichojia.

"Mwanangu, sisi twakupenda, na kazi yako twaiona. Lakini asubuhi ile watu hawajafungua kinywa, nawe washawatajia maiti. Si vyema. Shari ikitajwa mapema hivyo huamka nayo."

Damaris alijaribu kumweleza kwamba yeye hasomi shari, anasoma hesabu za wataalamu. Bi Mwanatumu akakubali kwamba ni hesabu, wala hakuziita uongo. Akasema tu kwamba pana njia ya kumwambia mtu bila kumtajia. Siku mawimbi yakiwa mabaya, asome upepo, asome mvua, asome saa za maji, na mawimbi ayapite kimya. Wavuvi watajua. Atakayesikia mawimbi hayakutajwa atarudi kitandani, na hakuna neno la nuksi litakalokuwa limetoka kinywani mwa mtu. Mwenyekiti wa wavuvi pale bandarini, Twahir, alikwisha kuliridhia jambo hilo.

Mimi na hasira zangu ningekataa. Damaris alikubali, na najua kwa nini. Alikuwa mgeni wa bara, Mkristo, anayewasomea watu wa bahari mambo ya bahari yao, na mama mkubwa kama yule amekuja kwake na sinia mkononi kumwomba kwa adabu. Angekataaje? Alitaka wampende. Hilo si kosa la mtu mbaya, na nimelirudia kumwambia mara nyingi, lakini halimsaidii.

Na kusema kweli, mpango ulifanya kazi. Kwa miaka mitano hakuna mashua ya bandari yetu iliyopotea siku ya kimya. Damaris akisema upepo kisha akarukia mvua, ungeona taa za nyumba zikizimwa tena mtaani. Hata mimi nilijipangia kwa kimya hicho. Wavuvi ndio wateja wangu wa kwanza, kwa hiyo siku mawimbi yasipotajwa nilifunika nusu ya unga sikuukaanga. Msimamizi wa kituo alishangaa siku moja mbona mawimbi hayakusomwa, Damaris akamwambia amesahau, yakaisha. Kwetu likawa jambo la kawaida tu, wala hatukuwaza tena kwamba kuna mtu angehitaji kuambiwa.

Kazungu ndiye mdogo wake wa kumfuata. Mwaka jana, baada ya mahindi ya Vitengeni kukauka msimu wa tatu mfululizo, aliacha mke na watoto wawili kwa mama yake akaja Muyeye kwa dada. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mcheshi, mkono mwepesi wa kazi. Akiamka anafagia ua wote, hata kwangu. Nilimpenda bure.

Alijaribu mjengo, kazi ikawa leo ipo kesho hakuna. Ndipo alipokutana na Ngala, mtu wa Ganze aliyekuja pwani kwa shida ileile, aliyekuwa na mtumbwi wa kuazima upande wa Mayungu. Wakaanza kwenda wawili kuvua kwa mshipi, ndani ya mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi, mahali maji yamelala. Damaris hakupenda. Walikosana jioni mbili nzima, na mwisho Kazungu akamwomba ampe sababu. Akamwambia kwamba watu wengine huingia baharini kwa kubahatisha, lakini yeye ana dada anayejua bahari itaamkaje, amwogope nani?

Hapo ndipo Damaris alipopaswa kumweleza habari ya kimya. Ameniambia kwamba maneno yalimfika mdomoni. Lakini Kazungu, alipokwenda kuona watoto, alikuwa amezunguka Vitengeni nzima akimsifu dada yake kwamba ni mtu asiyeficha neno, redioni anasema kama lilivyo. Kumwambia kwamba huyo dada huruka mistari kwa ajili ya nuksi, yeye mshirika wa kanisa anayeimba kwaya kila Jumapili, aliona haya. Akajiambia kwamba atajifunza kwa wenzake, kama wote walivyojifunza. Na huo ulikuwa mwezi wa tatu, kaskazi inakata pumzi, bahari shwari kila siku. Kwa wiki tatu alizokwenda Kazungu mawimbi yalisomwa kila asubuhi, nusu mita, nusu mita, mita moja kasoro. Alizoea kuyasikia madogo.

Asubuhi ya siku yenyewe Damaris aliondoka nyumbani saa kumi na moja, mdogo wake amelala. Kituoni akafungua taarifa. Kulikuwa na dhoruba mbali sana, huko upande wa Madagaska, isiyotuhusu kwa mvua wala upepo. Lakini ilikuwa imesukuma mawimbi, nayo yalikuwa yamesafiri siku mbili kuja kwetu. Taarifa ilisema wazi: pwani ya kaskazini, upepo mdogo, mawimbi mita mbili na nusu hadi tatu, vyombo vidogo visitoke. Wataalamu hawakukosea hata nukta.

Saa kumi na mbili na robo nikamsikia. Upepo ni mdogo, kilomita kumi na mbili kwa saa kutoka kaskazini mashariki. Hatutarajii mvua. Maji yatakupwa saa nne na dakika kumi. Kisha akawatakia wasikilizaji asubuhi njema na kuingia kwenye salamu, fulani akimsalimu shemeji yake wa Watamu na wengine kumi na watano.

Nikafunika unga wangu.

Kazungu akatoka ndani, kafi begani, mshipi kwenye kopo. Alikuwa amesikiliza kwenye redio ya dada yake. Aliniambia leo upepo ni mdogo, watafika mbali. Akaomba mahamri manne, mawili yake na mawili ya Ngala. Nikamfungia. Nilikuwa nimefunika unga kwa sababu nilijua bahari ni mbaya, na kwa mikono hiyohiyo nikamfungia mtu mahamri ya kwenda nayo baharini. Nilifikiri nini? Nilifikiri ameambiwa. Nilifikiri huyu analala nyumba moja na mwenye taarifa, mimi ni nani wa kumfundisha. Labda wanakwenda tu kukarabati mtumbwi. Nikamwambia salimia Ngala. Mdomo wangu huu, ambao huwauliza watu hata bei ya viatu walivyovaa, haukumuuliza chochote.

Kule kituoni, Damaris alikuwa amemkumbuka katikati ya salamu. Anasema alitaka kumpigia papo hapo, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na majina yalikuwa yamepangwa, akajiambia Kazungu atakuwa bado hajatoka, atampigia kipindi kikiisha. Kiliisha saa moja. Simu ikaita ndani kwao, ikaita tena, nikaingia kuichukua, maana Kazungu hakuwa akienda nayo asije akailowesha. Nikamwambia Damaris kwamba Kazungu ametoka, nimempa mahamri, ana nusu saa sasa. Akaniuliza, "Idah, ana kafi?" Nikasema ndiyo.

Alipanda pikipiki mpaka Mayungu, nami nikamfuata nyuma na nyingine, karai nimeliacha motoni kwa jirani. Ufuo ulikuwa mtupu. Hakuna mashua iliyotoka, hakuna mtu aliyekuja. Wenyeji wote walikuwa wamesikia kimya wakabaki majumbani. Ndani ya mwamba maji yalikuwa yametulia, ungeweza kumwogeshea mtoto. Ukitazama nje, kwenye mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu, napo palikuwa patulivu, ukajiuliza tumekimbilia nini. Halafu yakaja. Mawimbi ya namna ile huja kwa mafungu. Huinuka matano au sita, moja nyuma ya jingine, yanavunjika mlangoni kwa kishindo cha kutikisa kifua, kisha bahari inalala tena. Damaris aliingia majini mpaka kiunoni na nguo zake za kazini. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote.

Ngala tulimkuta mbele zaidi, amekaa mchangani, goti limechanika kwa matumbawe. Mtumbwi ulikuwa umepinduka mlangoni. Yeye alishika ubavu wa chombo, wimbi likamrusha ndani ya mwamba. Alimwona Kazungu mara mbili, mara ya tatu hakumwona. Damaris akamuuliza kwa nini walitoka nje ya mwamba. Ngala akasema hawakukuta mtu ufuoni wakafurahi, wakasema leo samaki wote ni wao. Walipofika mlangoni yeye aliona maji yanainuka kwa mbali akataka warudi.

"Kazungu akaniambia, dada hakusema kitu," Ngala alisema. "Akasema, kungekuwa na ubaya angesema."

Sijui kama alijua anamwambia nani. Nadhani alijua, lakini alikuwa akitetemeka, na mtu wa namna hiyo husema lililopo.

Kazungu alipatikana siku ya pili, kusini. Tulimpeleka Vitengeni tukamzika nyuma ya nyumba ya mama yake, udongo mkavu kiasi kwamba wachimbaji walipokezana tangu alfajiri. Watu wa bandarini walikuja kwa magari mawili. Bi Mwanatumu alikuja, akakaa na kina mama chini mkekani, akalia machozi ya kweli. Na Twahir alisimama kutoa rambirambi. Akasema bandari imepoteza, akasema kifo hakina mwenyewe, kisha akamgeukia Damaris mbele ya watu wote akamshukuru. Alisema asubuhi ile mashua kumi na tisa zilikuwa tayari kutoka, na kwa hekima ya dada huyu hazikutoka. Wanaume sitini walikula chakula cha mchana na watoto wao. Watu wakaitikia. Wa Vitengeni hawakuelewa anazungumzia nini, ila waliona ndugu yao anasifiwa, wakaitikia vilevile.

Nilikuwa nimekaa karibu na Damaris. Alikuwa akiitazama mikono yake. Sijawahi kuona mtu akishukuriwa na kuumia namna ile. Twahir hakuwa na ubaya wowote, alisema kweli tupu, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu.

Damaris alirudi kazini baada ya wiki mbili. Tangu hapo husoma yote manne, na mawimbi huyasoma mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Kigiriama. Hatishi tena watu kwa makaburi; husema mita ngapi, na nani asitoke. Bi Mwanatumu hakuja kulalamika. Nasikia sasa hufungua redio saa moja, taarifa ikishapita.

Lakini la Vitengeni sijalimaliza. Siku ya nne baada ya maziko, wageni wamepungua, mjane na wanawe wamelala, tulibaki jikoni watatu: mama yao, Damaris na mimi niliyekaa kusaidia. Mama yule ni mzee mkavu, asiyepoteza maneno. Redio yetu haifiki kwao. Hakuwa amemsikia binti yake akisoma hata mara moja. Akamwambia kwa Kigiriama amsomee ya siku ile, kama anavyowasomea watu.

Damaris hakuwa na karatasi, wala hakuihitaji. Alisema upepo. Akasema mvua. Akasema saa ya maji kupwa. Mama akangoja, kisha akamuuliza kama ni hayo tu. Damaris akasema kulikuwa na jingine. Akalisema: mawimbi mita mbili na nusu hadi tatu, vyombo vidogo visitoke. Akamweleza na habari ya kimya, ilivyoanza, nani aliomba, nani alikubali, na kwamba Kazungu hakuambiwa kwa sababu yeye aliona haya. Hakujificha popote. Nilitamani anyamaze.

Mama yake alikoroga sufuria muda mrefu ingawa ndani hamkuwa na kitu cha kukorogwa, maji tu.

"Angekusikia," alisema. "Wengine wote aliwabishia, hata mimi. Wewe alikusikia tangu mdogo."

Damaris akasema anajua. Mama hakumpiga, hakumlaani, na hakumgusa. Tangu siku hiyo humsalimu na kumjibu, ila kumwita kwa jina la utotoni, kama alivyomwita miaka yote, hajamwita tena.

Kisha akanigeukia mimi, maana nilikuwa jirani wa mwanawe na ua ni mmoja. Akaniuliza kama nilimwona asubuhi ile, kama alikuwa amekula, kama alisema neno lolote akitoka.

Ningeweza kumwambia alikula. Lingemfaa hilo, kujua mwanawe hakwenda na njaa. Lakini nyuma ya mahamri kulikuwa na unga niliofunika, na nilikuwa nimetoka kuona kweli inafanya nini jikoni mle.

"Sikumwona, mama," nikasema. "Nilikuwa bado sijaamka."

Damaris aliinua macho akanitazama. Alikuwa akijua, maana ni mimi niliyemwambia kwenye simu. Akainama kuongeza kuni, na hakusema kitu.